Gitaa Si Jahazi, Wacheni Kulipaka Mafuta

Nianze kwa kukiri kosa, manake nikianza kwa kufoka mtasema huyu naye lini alikuwa fundi.

Mwaka jana niliposti klipu ya sekunde hamsini hivi. Mnaofuata ukurasa huu mwaijua. Nimekaa nje ya Fort Jesus, jua la jioni, gitaa liko mapajani, nusu ndimu mkono mmoja, kibakuli cha mafuta ya nazi mkono mwengine. Nikasugua ubao wa shingo kwa ndimu, nikafuta, nikamimina nazi juu yake. Ubao ukang'aa kama uso wa bibi harusi. Nikamaliza kwa mbwembwe: ya nini kununua vichupa vya Wazungu na dawa iko jikoni kwa mamako? Laiki zikamiminika. Watu wakashea. Nikajiona bingwa.

Klipu hiyo nimeifuta. Ilikuwa upuzi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na nilikuwa sijui kuwa ni upuzi, na hilo halinisaidii chochote.

Nilijuaje? Kijana mmoja wa Kibokoni alinitumia ujumbe. Hakutukana. Ningependa angetukana. Aliniandikia tu, "Kaka, nilifanya kama ulivyosema, sasa gitaa lina harufu na freti moja imeinuka. Wafanyaje hapo?" Gitaa lenyewe si lake. Ni la ami yake, aliyekuwa akipiga kwenye mahoteli ya Pwani enzi hizo, akamwachia alipofariki. Alikuwa ameliosha kwa ndimu na nazi kila wiki kwa miezi mitatu, kwa mapenzi, kwa sababu mtu fulani mwenye kamera alimwambia hivyo ndivyo gitaa linavyotunzwa.

Tukalipeleka kwa fundi, mzee anayetengeneza magitaa na udi chumbani kwake. Akalinusa kabla hajalishika. Akapitisha ukucha kando ya freti, ukatoka na uchafu mweusi unaonata kama lami. Akasema, "Mwanangu, hii freti ningeibandika kwa gundi dakika kumi. Lakini gundi haishiki kwenye mafuta. Na huu ubao umekunywa mafuta mpaka ndani." Kisha akauliza ni nani aliyemfundisha kijana jambo hilo. Kijana akanyamaza. Nikanyamaza na mimi. Basi leo nasema: ni mimi.

Kwa hivyo hii si posti ya kuwacheka watu. Ni posti ya kuvunja nilichokijenga, na kuwavunja na wenzangu ambao bado wanakijenga. Ninachosema ni hiki, na nitakitetea mpaka chini: hapa Mombasa, ubao wa gitaa unahitaji kusafishwa mara nyingi na kupakwa mafuta mara chache sana. Sisi twafanya kinyume chake. Hatusafishi kabisa, halafu twapaka mafuta juu ya uchafu, kisha twauita huo ndio utunzaji.

Tuelewane kwanza twazungumzia kitu gani. Shingo ya gitaa ina ubao mwembamba juu yake, pale unapobonyeza nyuzi, wenye vile vijichuma tunavyoviita freti. Huo ndio ubao wa vidole. Magitaa mengi yana ubao wa mti mweusi au wa kahawia usiopigwa vanishi: vidole vyagusa mti wenyewe. Mengine yana ubao mweupe wa manjano, mti wa mepo, na huo karibu kila mara umepigwa vanishi. Kama wako ni huo mweupe unaoteleza, sikiza vizuri: mafuta hayakuhusu. Hayaingii popote. Futa kwa kitambaa, umemaliza. Nimeona watu wakiumwagia mafuta ubao wenye vanishi na kungoja unywe. Utangoja mpaka kusi ibadilike kuwa kaskazi na ubao bado haujanywa tone.

Sasa tuje kwenye ndimu, manake ndiyo aibu yangu kubwa zaidi.

Ndimu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye tafsiri mbovu, na mtafsiri mbovu ni mimi. Madukani kuna vichupa vilivyoandikwa kwa Kizungu kuwa ni mafuta ya limau ya gitaa. Mimi nikasoma limau, nikakimbilia kapu la ndimu. Kumbe vingi ya vichupa hivyo ndani yake ni mafuta mepesi ya madini, yaani jamii ile ile ya mafuta ya watoto wachanga, yakatiwa harufu kidogo ili yapendeze. Hakuna aliyekamua limau humo. Maji ya ndimu ni asidi. Mafuta na asidi havijawahi kuwa ndugu.

Na sisi watu wa Mji wa Kale ndio tungepaswa kujua kuliko wote. Nani hapa hajamwona bibi yake akisugua sinia la shaba kwa ndimu au ukwaju mpaka likawa jipya? Kwa nini linang'aa? Kwa sababu asidi yala ile ngozi ya juu iliyobadilika rangi, inabaki shaba safi. Sasa freti za gitaa zimetengenezwa kwa nini? Nyingi ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mpe asidi kila wiki, usiisuuze vizuri, uiache kwenye ufa mdogo ulio baina ya freti na mti, kisha uone kama hutapata ule ukijani wa kutu pembeni. Sinia lina upana wa kusuuzwa chini ya mfereji. Gitaa huliweki chini ya mfereji. Na nyuzi za chuma ukizirudisha hapo juu, wallahi haziwezi kukaa.

Ndimu ni ya samaki. Iacheni kwa samaki.

Mafuta ya nazi. Hapa najua nitagusa mioyo, manake nazi kwetu ni kama dini ya pili. Twapikia, twajipaka, twapaka nywele. Sina neno juu ya nazi. Lakini mafuta ya nazi ya kutengeneza nyumbani hubaki na maji na machicha kidogo ndani yake, na ukiyaacha kwenye joto hili huvunda. Hata chupa ya jikoni ukiisahau wazi utaijua kwa pua. Sasa yamo ndani ya mti, kwenye vitundu vidogo vidogo, pamoja na jasho la vidole na ngozi iliyokufa. Hayaoshwi. Yavunda humo humo. Hiyo ndiyo harufu aliyoinusa yule fundi kabla hata hajalishika gitaa. Na vumbi la barabarani likija linanata juu yake, na wewe ukiona umeingia weusi wafikiri ubao umekuwa mzuri zaidi. Si ubao. Ni uchafu umevaa kanzu nyeusi.

Halikadhalika mafuta ya kupikia ya aina yoyote, simsim, alizeti, yote. Chakula huharibika, na mafuta ya kula ni chakula.

Kuna na wale wa rangi ya viatu. Ndiyo, nimeona kwa macho yangu, mtu na brashi na kikopo, ubao uwe mweusi kama ebony. Rangi ya viatu ina nta na rangi, nayo itahamia kwenye vidole vyako, kwenye nyuzi zako, na kwenye shati jeupe la harusi uliyoalikwa kupiga. Kuna wale wa WD-40. Hiyo yafaa bawaba la mlango na mnyororo wa baiskeli. Na kuna wale wa spiriti ya dawa, ambayo hukausha mti vibaya, hula vanishi ikiidondokea, na inaweza kutoa rangi ya ubao uliopakwa rangi kiwandani. Magitaa mengi ya bei nafuu siku hizi ubao wake si mweusi wa kuzaliwa, umepakwa. Ukifuta kwa nguvu na kitambaa chako kikawa cheusi, hebu simama kidogo ufikiri. Huenda huo si uchafu unaoutoa. Huenda waubambua ubao wenyewe.

Sasa nifike kwenye kiini, jambo ambalo sijaona mtu akilisema kwa Kiswahili na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika badala ya kupiga klipu nyengine.

Ule ushauri wa kupaka ubao mafuta kila unapobadilisha nyuzi umetoka wapi? Umetoka kwa watu wa nchi za baridi. Kule wakati wa theluji nyumba zatiwa joto la mashine siku nzima, na hewa ya ndani hukauka mno, unyevu washuka hadi asilimia 30 na hata chini ya hapo. Mti unatoa maji yake, unasinyaa, freti zatokeza pembeni zinakukata mkono, ubao wapasuka. Mtu wa hali hiyo akiona ubao wake umepauka anaupaka mafuta, na ana haki yake. Watengenezaji wa magitaa wenyewe hupendekeza hewa ya unyevu wa asilimia 45 mpaka 55 hivi.

Sasa toka nje ya mlango wako. Uko Mombasa. Unyevu wa hapa mara nyingi hupita asilimia 70, na asubuhi huwa zaidi. Mvua za Aprili na Mei zikianza, hata chumvi ya mezani yageuka uji. Mkate wa jana uko laini kwa sababu isiyofaa. Milango ya vyumba yavimba mpaka yasukumwa kwa bega. Katika mji ambao mlango unavimba, wewe wauonea huruma ubao wa gitaa kuwa una kiu? Una kiu ya nini? Umezama!

Gitaa la Mombasa halifi kwa ukavu. Lafa kwa unyevu, chumvi na jasho. Chumvi ya hewa ya bahari yatua kwenye nyuzi, inavuta maji, nyuzi zapata kutu. Kutu yasugua freti. Jasho lako, ambalo nalo ni chumvi na maji na mafuta ya ngozi, laingia kwenye mti kila unapopiga. Hayo ndiyo maadui. Na dawa yake si mafuta hata moja. Dawa yake ni kitambaa kikavu.

Ndiyo, kitambaa. Najua hakina mvuto wa kamera. Hakuna atakayeshea klipu ya mtu anafuta nyuzi kwa fulana kuukuu. Ndiyo maana hakuna anayeiweka, na ndiyo maana magitaa yetu yanakufa.

Kuna watakaosema, lakini wazee wetu walipaka mafuta na vyombo vyao vikadumu miaka. Naijua hoja hii vizuri, mimi mwenyewe niliitumia kwenye komenti. Nikasema tazameni majahazi. Jahazi lapakwa mafuta ya papa, na mti wake unakaa kwenye maji ya chumvi miaka mingi. Mafuta hayo, kama hujui, jina lake la kale ni sifa. Na chini, sehemu inayozama, hupigwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Kwa hivyo, nikasema, mti wa Pwani wataka mafuta.

Ilikuwa hoja tamu, lakini ni ya kijinga. Jahazi lapakwa sifa kwa sababu liko baharini usiku na mchana, na kazi ya mafuta yale ni kuzuia maji yasiingie mtini. Hakuna anayelibonyeza jahazi kwa vidole vitano. Hakuna anayetaka kubandika freti kwenye jahazi. Hakuna anayejali jahazi likinuka papa, ndivyo linavyonuka. Gitaa ni chombo cha chumbani, chepesi, kilichounganishwa kwa gundi, ambacho upana wa unywele mmoja waharibu sauti yake. Kulitendea kama jahazi si kufuata wazee. Ni kuwasingizia.

Tena wazee wenyewe wamefanya nini? Nenda kwa watu wa udi. Mombasa hii ndimo alimoishi Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, mmoja wa wapigaji udi wakubwa Afrika Mashariki imewahi kuwapata, aliyefariki 2016. Udi una ubao wa vidole usiokuwa na freti kabisa, kidole chateleza juu ya mti mtupu. Mpiga udi akiwa na ubao unaonata kwa mafuta, hawezi kuteleza, na asipoteleza hana taarabu. Yule fundi aliniambia wateja wake wa udi hawamletei ubao wenye mafuta. Wanaleta nyuzi zilizokatika. Wanaomletea ubao unaonata ni sisi, watoto wa simu.

Na mti wenyewe wastahili heshima kidogo. Miti inayopendwa kwa ubao wa vidole ni miwili hasa: ebony, na ile jamii ambayo Wazungu waiita rosewood, Dalbergia. Jamii hiyo ina ndugu yetu ndani yake. Mpingo, huu huu wa kwetu, ni Dalbergia melanoxylon. Wengi huuita ebony, lakini kwa nasaba ni ndugu wa rosewood. Ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake hukitupa majini kinazama. Klarineti na obo za okestra za Ulaya zimetengenezwa kwa mpingo uliokatwa Afrika Mashariki. Vinyago vya kwetu navyo. Wachongaji wa Kikamba wa pale Changamwe, ambao chama chao cha ushirika kilianza miaka ya 1960, walichonga mpingo mpaka ukawa adimu, na wengi wamehamia kwenye mwarobaini na mwembe. Na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya Dalbergia iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, kwa sababu miti hii hukua polepole na dunia yaikata mbio. Ala za muziki zilizokamilika zilikuja kulegezewa baadaye, lakini ujumbe ulishafika: mti huu si wa kuchezea.

Kwa hivyo ukiwa na gitaa kuukuu lenye ubao wa mti wa kweli, umeshika kitu ambacho kinazidi kuwa ghali kila mwaka. Nawe wakifundisha kunuka nazi.

Haya. Nimebomoa vya kutosha, sasa nijenge, manake kulaumu tu ni kazi rahisi.

Kila ukimaliza kupiga, nawa mikono kabla na ufute nyuzi na ubao baada. Nusu dakika. Pitisha kitambaa kikavu cha pamba chini ya nyuzi, huku na huku, halafu kila uzi peke yake. Ukifanya hili pekee na usifanye jengine lolote katika posti hii, umeshinda robo tatu ya vita.

Unapobadilisha nyuzi, ondoa zote, safisha. Kama gitaa lina tundu, liziba kwa kitambaa uchafu usianguke ndani. Chukua mswaki laini usiotumika tena, mkavu, usugue kwa kufuata mistari ya mti, na kando kando ya freti ambako uchafu hujificha. Uchafu uliokauka ukwangue polepole kwa ukingo wa kadi ya plastiki, ile kadi yako ya benki iliyokwisha muda. Usitumie kisu. Usitumie zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, ni ngumu mno zinachora mti, na kwenye gitaa la umeme vumbi lake la chuma hurukia zile sumaku zinazonasa sauti na halitoki tena.

Ukibaki uchafu, lowesha kitambaa kidogo sana kwa maji, ukikamue mpaka usione tone, futa, kisha kausha papo hapo kwa kitambaa chengine. Sehemu kwa sehemu. Usiufurikishe.

Sasa utazame ubao. Utazame kweli, mchana, karibu na dirisha. Umepauka? Una ukijivu, mistari ya mti yaonekana imefunguka, ukiugusa ni mkavu kama chaki? Kama jibu ni la, funga nyuzi mpya uende zako. Hauhitaji kitu. Kama ni ndiyo, na hili latokea zaidi kwa mtu anayeishi au kurekodi kwenye chumba cha eyakondishina siku nzima, au aliyekaa na gitaa Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari ambako hewa ni kavu kuliko huku, basi hapo mafuta yana kazi. Mara moja kwa mwaka kwa wengi wetu ni nyingi.

Mafuta gani? Ya madini, yasiyooza. Kichupa cha dukani kilichotengenezewa gitaa ni sawa ukikipata. Huna pesa? Nenda duka la dawa, uliza parafini ya kunywa, ile safi isiyokuwa na rangi wanayowapa watu waliofunga choo. Ndiyo, hiyo hiyo, chekeni tu. Lakini sikizeni kwa makini hapa, manake kwetu neno parafini lina maana mbili na moja yake ni balaa. Sisemi mafuta ya taa. Usipake gitaa mafuta ya taa! Nasema ya duka la dawa, si ya petroli stesheni. Mkiniletea gitaa linalonuka jiko la stovu nitalia.

Matone matatu au manne kwenye kitambaa, si kwenye ubao. Pitisha kutoka juu mpaka chini. Ngoja dakika tano. Kisha futa yote, tena yote, mpaka kidole kikavu kikipita kisiache alama. Mafuta yanayobaki juu hayana kazi nyengine ila kukusanya vumbi. Ukimaliza na ubao waonekana kama haukufanyiwa kitu, umefanya sawa.

Na jambo la mwisho, la sisi tunaoishi kwenye nyumba za kale: usitundike gitaa kwenye ukuta wa nje. Kuta hizi za mawe ya matumbawe na chokaa ni nzuri, zina historia, lakini hunywa unyevu. Liweke kwenye mfuko wake, mbali na ukuta na mbali na dirisha la upande wa bahari. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, visitupwe. Vitie humo.

Nishajua komenti zitakuja. Mmoja atasema, "Kwani gitaa ni nini, likiharibika nunua jengine." Haya, nunua wewe. Hapa kwetu maskani nzima ina gitaa moja. Vijana watano wajifunzia chombo kimoja, na kikifa, watano wanaacha muziki siku moja. Mji huu ndiko Them Mushrooms walikoanzia mwaka 1972. Fundi Konde alikuwa mtoto wa Pwani hii. Hao walikuwa na magitaa kwa sababu kuna mtu aliyatunza. Bendi yoyote itakayotoka hapa kesho ipo leo kwenye gitaa fulani kuukuu chini ya kitanda cha mtu.

Mwengine atasema mafuta huongeza utamu wa sauti. Mimi nimepaka, nimefuta, nimerekodi, sijausikia utamu huo. Nilichosikia ni nyuzi mpya dhidi ya nyuzi chafu, na hiyo tofauti hata nyanya yangu aliisikia akiwa jikoni.

Na mwengine atasema, "Sasa kaka wewe ulipotosha watu, kwa nini tukuamini leo?" Hilo ndilo swali zuri. Msiniamini. Mpelekeeni fundi gitaa lenu, mumuulize, mumlipe kwa muda wake. Sisi tunaopiga klipu tumezoea kumwona fundi kama mzee wa kizamani aliyekosa wafuasi. Yeye ameshika mamia ya shingo za magitaa. Mimi nimeshika moja na simu. Lakini ni mimi niliyesikizwa, na hapo ndipo pana tatizo kubwa kuliko ndimu na nazi zote.

Manake tuseme ukweli, kwa nini niliposti ile klipu? Si kwa ajili ya gitaa. Ubao uliofutwa kwa kitambaa haung'ai mbele ya kamera. Ubao uliojaa mafuta wang'aa. Nilitaka mng'aro. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikalitia gitaa nazi. Si bure mafuta ya jahazi yaliitwa sifa.

Lile gitaa la Kibokoni bado liko kwa fundi. Amelisafisha kwa siku kadhaa, kidogo kidogo, akiyavuta mafuta kwa vitambaa na subira. Hakuahidi kitu. Alisema labda gundi itashika, labda italazimu ubao wote utolewe uwekwe mwengine, na hapo ule mti alioubonyeza yule ami miaka yote utakuwa umekwenda. Gharama nalipa mimi. Kijana amesema akilipata tena ataanza na kitambaa.

Wewe una lako nyumbani. Lichukue sasa hivi, pitisha ukucha kando ya freti ya kwanza, uone kitakachotoka.